Mdomo wa Juu

Katika mnada wa mifugo wa Isiolo hakukuwa na dole gumba lililoheshimiwa kama la Gollo Wario. Muuzaji angeapa kwamba mtamba wake bado mchanga, mnunuzi angekunja uso, wenyewe wangekaribia kushikana mashati, ndipo Gollo angeitwa. Angemshika mnyama puani kwa mkono wa kushoto, angeshusha mdomo wa chini kwa dole gumba la kulia, angetazama muda wa kumeza mate, na kesi ingekwisha. Meno mawili. Meno manne. Mdomo umejaa. Huyu amezeeka, meno yamekatika, mpeleke buchari. Watu walibishana na Gollo kuhusu siasa, kuhusu mvua, hata kuhusu ukoo wake mwenyewe, lakini kuhusu meno hakuna aliyethubutu.

Ni vigumu mtu wa namna hiyo kuiacha kazi yake mnadani. Gollo alirudi nayo nyumbani, Bula Pesa, na huko aliyekaguliwa alikuwa binti yake Tiya, kitinda mimba, mtoto wa miaka saba aliyependwa kupita kiasi na aliyejua hivyo. Kila Ijumaa baba akitoka msikitini, Tiya alikuja mwenyewe, akainua kidevu na kungoja. Dole gumba lilishuka kwenye mdomo wa chini. Siku meno mawili ya kudumu yalipochomoza pale, Gollo aliwatangazia majirani kwamba nyumba yake sasa ina mtamba wa meno mawili, na wanawake wa plotini wakavunjika mbavu. Yalipofika manne, alitangaza tena. Aliapa kwamba mdomo ule hauna kasoro hata ya dawa, na yeye hakuwa mtu wa kuapa ovyo.

Mkewe, Habibo, alikuwa akimwambia tangu zamani kwamba meno ya juu ya mtoto yameng'oka siku nyingi na pengo liko vile vile. Gollo alimjibu kila mara kwamba kila kitu kina wakati wake, kisha akaagiza chai.

Huo ulikuwa mwaka wa themanini na tano. Ukame wa mwaka uliotangulia ulikuwa umemlia Gollo ng'ombe karibu wote, na wachache waliobaki walikuwa mbali, Sericho, mikononi mwa binamu yake Kalicha. Sasa mvua ilikuwa imenyesha. Kalicha alituma neno kwa dereva wa lori kwamba nyasi zimefika magotini na maziwa yamerudi, basi Gollo akakata shauri kuhamia huko na familia yake mpaka nyasi ziishe. Lori lingeondoka baada ya mnada wa wiki hiyo. Habibo alishaanza kufunga mizigo.

Ndipo ndama wa jirani akaharibu mipango. Tiya alikuwa amemshika kamba wakati Habibo akimsaidia jirani kukamua, ndama akarusha kichwa, na kichwa kikampata mtoto mdomoni. Mdomo ulipasuka, ukavimba, na Habibo aliogopa kwamba taya limevunjika. Gollo akambeba mtoto mpaka hospitalini, kwa daktari wa meno.

Daktari mwenyewe alikuwa mwanamke kijana wa Kiturkana, jina lake Nakiru Lochoro, mzaliwa wa Burat, aliyesomea Nairobi akarudi kufanya kazi kwao. Gollo alimtolea salamu. Nakiru alipoitikia akitabasamu, Gollo aliona kitu kilichomkata maini: meno mawili ya mbele ya chini hayakuwepo. Yalikuwa yameng'olewa utotoni kwa mila ya wazee wake. Gollo aliijua mila hiyo, kwani ameishi jirani na Waturkana tangu ujana. Lakini jicho la dalali ni jicho la dalali. Lilishuka lenyewe kwenye mdomo wa chini, likaona pengo, na kichwa kikatoa hukumu kiliyoizoea: huyu amezeeka, mpeleke buchari. Gollo alikimeza kicheko, na imani yake kwa daktari akaimeza pamoja nacho.

Nakiru hakuwa na habari na hukumu hiyo. Aliosha kidonda, akapapasa taya, akampiga Tiya picha ya eksirei, kisha akawaita dirishani na kuinua kipande cha filamu kidogo kama kiberiti. Alisema taya ni zima na kidonda kitapona chenyewe. Halafu akaelekeza ncha ya kalamu kwenye doa jeupe lililobeba doa jeusi ndani yake.

"Baba Tiya, hii nyeupe ni jino ya mbele ya kudumu. Bado iko ndani ya ufizi, karibu kutoka. Hii nyeusi katikati yake ni shimo."

Gollo aliitazama ile filamu kama anayetazama moshi.

"Jino haijaonja hata maziwa," alisema. "Itaoza na nini?"

Nakiru alikiri kwamba si kuoza kama kwa mtu anayekula sukari. Alisema kuna wakati, mara chache sana, jino huliwa kutoka ndani likiwa bado limelala kwenye mfupa, na mwenyewe hasikii lolote. Wakilingoja litoke, litatoka ganda tupu, na siku mtoto atakapouma kitu kigumu litavunjika. Na baada ya jino hilo hakuna jingine linalokuja. Alichotaka ni kuufungua ufizi sasa, kulisafisha shimo, kulijaza dawa, halafu kuliacha jino litoke lenyewe likiwa zima. Aliyasema hayo bila kupaza sauti na bila kusitasita, kwa namna ya mtu anayejua mikono yake inaweza nini.

Gollo aliona dunia imepinduka. Katika kazi yake jino huhukumiwa likishaonekana. Anayetangaza meno ambayo hayajatoka huitwa mwongo, na mnadani waongo wa aina hiyo alikuwa akiwafukuza yeye mwenyewe. Na leo mtu asiye na meno mawili anataka kupitisha kisu kwenye ufizi usiouma wala kuvimba, wa mtoto wake, kwa sababu ya doa kwenye filamu.

"Mimi naangalia mdomo ya huyu mtoto kila Ijumaa," alisema kwa ukali. "Haina shida."

"Unaangalia na huku juu?" Nakiru aliuliza.

Aliuliza kwa wema tu, kama daktari anavyouliza. Gollo alilitazama dole gumba lake.

Ng'ombe hana meno ya mbele juu. Ana ufizi mgumu tu pale, na majani huyakata kwa meno ya chini. Mbuzi vivyo hivyo, kondoo vivyo hivyo. Tangu aanze kazi, Gollo hakuwahi kuinua mdomo wa juu wa ng'ombe yeyote, kwa kuwa hakukuwa na cha kutazama. Na dole gumba lake, katika Ijumaa zote hizo, lilimfanyia mtoto kama lilivyozoea kumfanyia mtamba. Aliapa juu ya mdomo ambao aliuona nusu. Hata alipoambiwa na mkewe hakuinua kichwa.

Alipatwa na haya mpaka masikio yakawaka. Na kwa kuwa alikuwa mtu wa kujisikia, haya hazikukaa. Zilipanda zikawa hasira. Alimwambia daktari kwamba wana safari, kwamba jino likitoka na shimo wataliona, na kwamba asante. Akamshika Tiya mkono.

Nakiru hakumbembeleza wala hakumfokea.

"Sawa, mzee. Lakini lori ikienda na yeye, mkirudi sitakuwa na kitu ya kufanya. Leo iko."

Gollo alipofika nyumbani alimkuta Habibo akifukiza vibuyu vya maziwa, akamsimulia kila kitu, na hata lile la mdomo wa juu hakulificha, maana Tiya alikuwepo na angelisema. Alimaliza kwa kusema kwamba yeye si mjinga wa kukatiwa mtoto kwa jambo lisiloonekana.

Habibo aliweka kibuyu chini. Hakuwa mwanamke wa maneno mengi, lakini maneno yake hakuyapoteza.

"Ile ng'ombe ya Kalicha ilishindwa kuzaa, ulifanya nini?"

Gollo alijua anakopelekwa, akajifanya hamnazo.

"Ulivua shati ukaingiza mkono mpaka bega," Habibo aliendelea. "Hiyo ndama ulikuwa umeiona?"

"Niliishika."

"Kabla hujaishika ulisema imelala vibaya. Ulijua kwa kuangalia mama yake tu. Ukaigeuza, ikatoka, na leo inazaa. Kama ungengoja itoke kwanza ndio uiangalie, ingetoka imekufa. Hukungoja. Sasa huyu daktari amejua jino imelala vibaya, na wewe unataka mtoto yangu ingoje." Akachukua kibuyu chake tena. "Na kama ni meno yake ya chini inakusumbua, yeye si wa kuuzwa."

Gollo alikaa juu ya mzigo uliokwisha kufungwa. Alitaka kucheka na hakuweza. Alimpenda mtoto yule, na alikuwa na hofu, na hofu yake ilikuwa na pande mbili: akikataa na daktari akawa mkweli, Tiya ataishi na pengo mbele ya uso maisha yake yote kwa sababu ya kiburi cha baba, akikubali na mambo yakaharibika, watakuwa Sericho, mbali na dawa, na mkono ulioruhusu kisu utakuwa wake. Hakuna upande alioweza kuupima kwa dole gumba. Lakini lile la ndama lilimkaa. Alikumbuka joto la tumbo la ng'ombe yule na kwato ndogo alizozipapasa gizani, na alikumbuka kwamba siku ile hakuogopa hata kidogo. Alijua anachofanya. Sauti ya yule daktari pale dirishani ilikuwa ya mtu wa namna hiyo hiyo.

Asubuhi alirudi hospitalini akiwa na Tiya na Habibo, na akatoa sharti moja. Alisema yeye hanunui kwa picha. Daktari akifungua, asiguse jino mpaka yeye mwenyewe alione shimo kwa macho yake. Asipoliona, ufizi ushonwe na waende zao. Alitegemea mabishano. Nakiru alisema sharti hilo ni zuri, na kwamba hata angekuwa yeye angelitoa.

Tiya alipandishwa kwenye kiti. Alikuwa ameuma midomo, akimtazama daktari usoni kwa makini.

"Na wewe, yako iliishia wapi?" akauliza.

Habibo alimkanya, lakini Nakiru alivuta kigoda akakaa, macho yao yakawa sawa.

"Mama yangu alinitoa nikiwa kama wewe, ndio nipendeze."

"Uliumia?"

"Niliumia sana. Hatukuwa na sindano ya ganzi. Wewe uko na bahati."

"Na ulipendeza?"

"Si uniangalie."

Tiya alimwangalia vizuri, bila haraka, kama alivyoona baba yake akifanya mnadani. Kisha akasema ndiyo, amependeza, na akafungua kinywa mwenyewe.

Gollo alimshika Tiya kichwa. Hiyo ilikuwa kazi anayoiweza: kushika kiumbe kwa nguvu za kutosha ili kisitikisike, na kwa upole wa kutosha ili kisiogope. Tiya alilia sindano ilipoingia, akanyamaza ganzi iliposhika. Nakiru aliinua mdomo wa juu, akafanya mkato mdogo, akaukunjua ufizi kama mtu anayefunua pazia la dirisha, akafuta damu.

"Leta macho yako hapa, Baba Tiya."

Gollo aliinama. Jino lilikuwepo. Lilikuwa jeupe, pana, limetulia mahali pake, na Gollo alihisi jinsi alivyohisi kila alipoona paji la ndama likianza kuonekana. Halafu Nakiru alichukua sindano yake ya kupimia, akagusa upande mmoja wa jino, ikagonga kwenye kitu kigumu. Akagusa upande wa pili. Pale ncha ilizama. Iliingia ndani ya lile jino zuri bila kizuizi, kama inavyoingia kwenye samli.

Gollo aliifikiria Sericho, na mtoto akicheka na kutafuna nyama iliyokaushwa, huku jino lile likiwa tupu ndani.

"Nimeona," alisema. "Endelea, daktari."

Nakiru aliendelea. Alikomba kilichokuwa laini mpaka chombo kikaanza kukwaruza penye ugumu, akaweka dawa nyeupe, akalifunika shimo kwa saruji ya meno, akaisawazisha, na akaupunguza ufizi kidogo ili jino lisikose mlango. Mikono yake haikutetemeka wala haikufanya haraka. Gollo alikuwa amewaona watu wengi wenye mikono mizuri, wachinjaji, wakamuaji, wafunga mizigo ya ngamia, na aliiweka mikono hii miongoni mwao. Mwishoni Nakiru alisema kazi yake imekwisha na iliyobaki ni ya jino lenyewe. Mtoto asukutue kwa maji ya chumvi, asile kigumu, na mdomo utazamwe.

"Wa juu," alisema Nakiru.

"Wa juu," Gollo akaitikia, na safari hii alicheka.

Lori liliondoka nao kama lilivyopangwa. Kule Sericho nyasi zilikuwa kama Kalicha alivyosema, na maziwa yalikuwa mengi mpaka watoto wakayachoka. Gollo alishindwa kuyafurahia. Hakungoja tena Ijumaa. Kila kulipokucha alimwita Tiya, akauinua mdomo wa juu na kuchungulia. Ufizi ulipona, ukafanya rangi nzuri, ukakaa kimya. Jino la mbele la pili, ambalo halikuguswa na mtu, lilichomoza bila matatizo. Lile la shimo halikuonekana. Kalicha alimcheka, akisema ndugu yake aliondoka mtu mzima na amerudi mkunga wa meno. Gollo alicheka naye mbele ya watu, lakini moyoni alikuwa na wasiwasi. Alianza kujiuliza kama jino limekufa humo ndani, na kama ni yeye aliyeliua. Habibo alimpa tu mtoto maziwa yake na kumkumbusha chumvi.

Asubuhi moja Tiya alikuwa akinywa chai ya maziwa kwa kikombe cha bati, mgongo akiwa amewapa, akiwatazama ndama. Kikombe kilitoa mlio. Mlio mdogo tu, wa kitu kigumu kikigusa bati, sauti ambayo kila mama huisubiri kwa mtoto mchanga. Tiya akashusha kikombe, akakigonga tena kwa makusudi, akageuka.

"Abba," alisema, "imekuja."

Gollo alimfikia kabla hajamaliza kusema. Aliinua mdomo. Ukingo wa jino ulikuwa nje, mweupe, wenye meno madogo madogo kama wa msumeno, na hakuna pembe iliyokuwa imemeguka. Macho yalimjaa machozi, mtu mzima mbele ya ndama na watu, na hakuyafuta.

Waliporudi Isiolo mvua ikiwa imesahaulika, jino lilikuwa limeshuka lote. Upande mmoja lilikuwa na doa hafifu, lisilo na mng'ao, pale dawa ilipokaa, usipoambiwa hulioni. Nakiru aliligonga, akalisukuma, akampa Tiya kipande cha muwa akate mbele yake. Tiya alikata, akatafuna, akaomba kingine.

Siku ya mnada Gollo alikwenda na Tiya. Gikunda, mnunuzi kutoka Meru, alikuwa amempenda mtamba mwekundu na alitaka kujua umri. Watu wakafanya duara kama kawaida. Gollo alimshika mnyama pua, akashusha mdomo wa chini, akasema meno manne. Kisha, kabla hajajua anafanya nini, mkono wake ukapanda wenyewe, ukauinua mdomo wa juu wa ng'ombe, na Gollo akainama kuchungulia ufizi mtupu.

Mnada mzima ulilipuka kwa kicheko. Gikunda alishika mbavu, akauliza kama wazee wa Isiolo sasa wanatafuta meno ya ng'ombe juu, na kama kesho watatafuta maziwa kwenye pembe. Zamani neno kama hilo lingeleta ugomvi. Gollo aliwaacha wacheke mpaka wakachoka. Halafu akamwita Tiya, naye akaja akainua kidevu kama alivyozoea, na baba akainua mdomo wake wa juu kwa dole gumba lile lile walilokuwa wakiliamini wote.

"Mnaona hii? Ilikuwa na shimo kabla haijatoka. Ikatibiwa ikiwa ndani. Nililiona hilo shimo na macho yangu."

Walisogea, mmoja mmoja, wakatazama. Kicheko kilipungua. Gikunda alitazama kuliko wote, akavua kofia, akaikunja mikononi. Alisema kwa sauti ya chini kwamba nyumbani ana mtoto ambaye meno ya juu yamekataa kutoka, na mama yake haachi kuulizia, na yeye amekuwa akimwambia kila kitu kina wakati wake. Aliuliza huyo daktari ni nani, na atamjuaje.

Gollo alimweka mkono begani.

"Uliza yule hana meno mbili hapa chini," alisema. "Usiangalie hapo kama mimi. Mpeleke mtoto tu."